Nusu gunia la mawe kutoka Turkana: ni akiki kweli, na nifanye nini nayo?

«Assalam aleikum mtaalamu. Mimi ni utingo wa lori, nakaa Kisauni. Tulikwama Turkana, kusini ya Lodwar, tukingoja spea, nikawa natembea kwenye laga, ile mito mikavu ya mchanga, na vilima vya karibu naokota mawe. Nimerudi na nusu gunia. Mengi ni ya mviringo, nje yana ganda baya la kijivu, lakini yaliyovunjika ndani yana mistari, meupe, ya asali na mekundu. Mengine ni vipande vyembamba vikali kama wembe, hivyo nimevikuta vingi mahali pamoja juu ya kilima. Na moja ni kama kipande cha ubao, ila ni jiwe. Fundi wa pete hapa mjini amefunga uzi kwenye jiwe akawasha kiberiti, uzi haukuungua, akasema hii ni akiki halisi. Jamaa mwingine ameniambia kilo moja ni maelfu ya pesa na nirudi na pikapu kabla wengine hawajajua. Mjomba wangu anasema nikipatikana nayo nitafungwa. Nishike la nani? Na nikitaka kuyang'arisha mwenyewe nianzie wapi?»

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza maswali mengi ndani ya moja, na watu watatu wamekujibu kabla yangu. Fundi amesema kweli kwa ushahidi usio sahihi. Jamaa wa pikapu amekupoteza. Mjomba wako yuko karibu na ukweli kuliko wote, ingawa nadhani hajui ni mawe gani hasa ya kumtia wasiwasi. Tuanze na uzi, kwa sababu jaribio hilo limeuzia watu glasi wakidhani wananunua akiki.

Chukua kijiko cha chuma, kifunge uzi wa pamba ukazwe sawasawa, usogeze kiberiti sekunde mbili tatu. Uzi hautaungua. Je, kijiko ni akiki? Uzi unaogusa kitu kizito na baridi hunyang'anywa joto na kitu hicho kabla haujafika kiwango cha kushika moto. Jiwe lolote gumu hufanya hivyo, na kipande kinene cha glasi nacho hujitahidi kwa muda. Kwa hiyo anayefanya jaribio hilo mbele yako huenda ni mwaminifu kabisa, amerithi kwa babake, lakini halimwambii chochote kuhusu jiwe.

Yapo ya kufanya nyumbani yenye maana zaidi. Akiki ni aina ya kalsedoni, na kalsedoni ni kwatzi iliyojengwa kwa nyuzi ndogo mno, hazionekani kwa macho. Ugumu wake ni kati ya 6.5 na 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho mwisho wake, 10, ni almasi. Kisu cha kawaida cha jikoni na kioo cha dirisha viko karibu 5.5. Basi ncha ya akiki itakwaruza kioo, mkwaruzo wa kweli usiofutika kwa kidole, na kisu hakitaikwaruza. Kitaacha mstari wa kijivu wa chuma chake chenyewe, ambao watu wengi huudhania ni mkwaruzo. Ulowanishe, uufute, utaona umeondoka. Halafu kamulia ndimu pale palipovunjika. Huku kwetu pwani, mawe mengi yenye mistari mizuri ni chokaa tu, na chokaa ikiguswa na ndimu hutoa povu dogo. Akiki haijali ndimu. Mwisho, zima taa usiku, weka jiwe mbele ya tochi ya simu: kipande chembamba cha akiki hupitisha mwanga wa ukungu, na mistari yake hujionyesha ikifuatana bila kukatana.

Ukiwa na rafiki sonara mwenye mizani nzuri, lipo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Pima jiwe likiwa kavu, tuseme limetoa gramu 78. Sasa weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa chini wala kando. Mizani itasoma tena, tuseme 30. Gawanya 78 kwa 30 upate 2.6. Akiki safi hukaa hapo hapo, karibu 2.6. Plastiki iliyotiwa rangi itakuwa chini sana, mara nyingi haifiki 1.5. Chokaa haiko mbali, karibu 2.7, ndiyo maana ndimu na kisu vinatangulia. Zote hizi bado ni dalili. Atakayekupa jibu la kuandikwa ni mtu wa maabara ya vito mwenye kifaa cha kupima mpindo wa mwanga, na kama kuna siku utauza kito kwa bei kubwa, usiuze bila karatasi yake. Kwa nusu gunia la kuokota, gharama hiyo haina haja.

Kwa maelezo uliyonipa, mawe ya mviringo yenye ganda baya na mistari ndani ni akiki karibu kwa hakika, na mahali ulipoyakuta panakubaliana nayo. Nchi ya Turkana ilianza kumwagiwa lava zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Lava inapopoa, mapovu ya gesi hunaswa ndani yake na kuacha vishimo, vingine kama punje ya mahindi, vingine kama ngumi. Baadaye maji hupenya kwenye majivu ya volkeno na lava yenyewe, yakayeyusha silika, kitu kile kile kinachojenga kwatzi, kidogo kidogo, yakaingia nayo vishimoni. Humo silika huganda ukutani, tabaka juu ya tabaka, kama magamba yanavyojijenga ndani ya birika la nyumba inayochemsha maji ya kisima miaka na miaka. Maji yakija na chuma kidogo, tabaka la siku hizo linatoka na rangi ya asali au nyekundu. Yakija safi, linatoka jeupe au la kijivu. Silika ikiisha kabla kishimo hakijajaa, katikati hubaki tundu lenye fuwele zinazometa. Kwa hiyo ganda baya unalolilaumu ni alama ya ukuta wa kile kishimo, na usilikwangue upesi, kwa sababu ndilo linalomwambia mjuzi kwamba jiwe halikutengenezwa kiwandani.

Kwa nini jangwani na si Kisauni? Kwanza, Kisauni imekaa juu ya matumbawe ya kale na mchanga, hakuna lava ya kuzaa akiki. Pili, Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka, wakati Mombasa hupata zaidi ya 1,000, hivyo kule hakuna udongo mnene wala majani ya kuficha kitu. Lava hulika taratibu kwa jua na upepo, ikawa vumbi. Akiki ni ngumu kuliko lava, inabaki peke yake juu ya ardhi. Mvua za ghafla huisukuma hadi kwenye laga, inajikusanya kwenye kona za kokoto. Wewe ulikuwa unatembea juu ya mabaki ya mamilioni ya miaka ya kuchujwa, ndiyo sababu nusu gunia limejaa kwa kungoja spea tu.

Sasa nakuja kwenye vipande vyembamba na kile cha ubao. Hapa naomba usome polepole.

Kalsedoni inapovunjwa hutoa makali kama glasi. Binadamu wamelijua hilo tangu zamani mno, na hakuna mahali duniani panapoonyesha uzamani huo kama Turkana. Lomekwi, magharibi ya ziwa, palipatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2015. Nariokotome, upande huo huo, ndiko Kamoya Kimeu, Mkenya mtafuta visukuku, aliona mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana maarufu wa Turkana, binadamu wa kale aliyeishi karibu miaka milioni 1.6 iliyopita. Sisemi vipande vyako vina umri huo. Watu waliendelea kuchonga kalsedoni, gumegume na mawe ya kioo cha volkeno hadi nyakati za karibu sana. Lakini vipande vingi vyembamba, vikali, mahali pamoja, juu ya kilima kinachoona mbali? Mimi ningedhani mtu alikaa pale akachonga.

Viangalie hivi. Shika kimoja kwa mwanga wa pembeni, wa asubuhi dirishani. Kipande kilichogongwa na mkono wa mtu huwa na upande mmoja laini, na karibu na ncha moja ya upande huo kuna kinundu kidogo kilichotuna, kama tumbo. Kutoka kwenye kinundu hicho hutoka mawimbi hafifu yanayozidi kupanuka. Upande wa pili una makovu marefu ya vipande vilivyotoka kabla yake. Na ukipitisha jicho kwenye ukingo, si kidole, huenda ukaona meno madogo yaliyopangwa sawasawa upande mmoja tu. Jiwe lililopasuliwa na jua au kugongana kwenye laga hupasuka ovyo, makovu yake hayana mpango. Moja lenye kinundu linaweza kuwa bahati. Kumi yenye kinundu si bahati.

Na ule «ubao» ni mti uliogeuka jiwe: silika ile ile iliyojaza vishimo vya lava imejaza vijitundu vya mti uliozikwa, ikashika umbo lake hadi pete za ukuaji. Kwa kemia ni ndugu wa akiki, ila kwa sheria ni kitu kingine. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa malikale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya kabla ya mwaka 1895, pamoja na mabaki ya watu, wanyama na mimea ya umri huo na zaidi. Zana za mawe zimo. Mti wa jiwe umo. Aliyegundua anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, akieleza mahali na namna alivyovipata. Najua siku 7 zako zimeshapita. Hiyo isiwe sababu ya kuvificha chini ya kitanda. Mtu anayekuja mwenyewe na vitu vyake mkononi yuko mahali tofauti kabisa na anayekutwa navyo barabarani. Wewe uko Mombasa, nenda Fort Jesus, pale ni makavazi ya taifa, uliza ofisi ya wataalamu wa mambo ya kale. Beba picha ulizopiga kule kama zipo. Simu nyingi huandika mahali ndani ya picha, na hilo ndilo watakalolitaka kuliko jiwe lenyewe, kwa sababu zana iliyotoka mahali pake bila maelezo imepoteza zaidi ya nusu ya habari yake. Vipande hivyo usivioshe kwa brashi, usivipake mafuta, na tafadhali usivipeleke kwenye mashine.

Mjomba wako, basi, hakukosea. Nami si wakili, ila la madini nalo nikugusie: Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, yameshikwa na serikali kuu kwa amana ya wananchi, na kuchimba au kufanya biashara ya vito kunataka kibali au leseni. Mawe machache mfukoni na pikapu iliyojaa ni vitu viwili tofauti machoni pa askari yeyote kwenye kizuizi. Kabla ya kuuza hata moja, pita ofisi ya madini ya serikali ueleze ulicho nacho. Kuuliza hakukugharimu kitu.

Tuje kwenye pesa, na hapa nitakuvunja moyo kidogo. Akiki ghafi ni miongoni mwa vito vya bei nafuu kabisa duniani. Brazili na India wanazo kwa matani. Haiko kundi moja na tsavoraiti, kito cha kijani cha Taita Taveta, ambayo jiwe dogo kama punje ya mchele linaweza kuwa na bei ya kushtua. Bei ya akiki imekaa kwenye mikono: aliyechagua, aliyekata, aliyeng'arisha, sonara aliyeitia kwenye fedha. Waswahili walilijua hili zamani. Shanga za akiki nyekundu zilizochimbuliwa kwenye miji ya kale ya pwani yetu nyingi zilikuja kwa jahazi kutoka Khambhat, Gujarat, na kilichovushwa baharini kilikuwa shanga zilizotobolewa na kung'arishwa. Hakuna aliyejaza jahazi kwa mawe ghafi.

Khambhat hiyo hiyo ndiyo iliyobobea kuzichoma akiki za hudhurungi ziwe nyekundu. Joto hulifukuza maji kutoka kwenye madini ya chuma yaliyo ndani, rangi ikakolea. Wajerumani wa Idar-Oberstein nao, tangu karne ya 19, wamekuwa wakizitia rangi: nyeusi kwa kuziloweka kwenye sukari kisha asidi kali, buluu kwa chumvi za chuma. Nakwambia hivi kwa sababu ukienda sokoni utakuta vipande vya waridi na buluu ya kung'aa, na vyako vya Turkana vitaonekana vimepauka kando yake. Buluu na waridi kali za namna ile ni za kutiwa. Hakuna ubaya muuzaji akisema. Wewe usijaribu kuchoma yako kwenye jiko la makaa, maana maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na jiwe hurusha vipande usoni. Na kama ulitaka kujua fadhila za kuvaa akiki, hilo muulize sheikh, si mimi.

Kung'arisha sasa, ambako ndiko kwenye raha. Mwaga mawe kwenye beseni la maji, yatoe, yapange juani na uyatazame yakikauka. Uso ukikauka, ufa hubaki na maji yake kwa muda, unaonekana kama mstari mweusi. Yenye mstari huo weka kando, yatapasuka kwenye mashine. Jangwa hupasua mawe mengi kwa joto la mchana na kugongana, kwa hiyo usishangae rundo la wazima likiwa dogo kuliko ulivyotarajia. Chagua mawili matatu ya mistari iliyobanana, hayo ndiyo ya kuanzia.

Bila mashine, njia ya bei nafuu ni msasa wa maji unaouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Anza na namba 80 au 120 kuondoa ganda, panda 220, 400, 600, 1000, hadi 2000. Kila namba ifute mikwaruzo yote ya namba iliyotangulia kabla hujapanda. Hapa ndipo wote wanaoanza hukosa subira, wanafika 2000 wakiwa na mikwaruzo ya 120. Umalizie kwa unga wa seriamu wa kung'arisha vioo kwenye kipande cha ngozi chenye unyevu. Ni kazi ya jioni nyingi, mkono utauma. Njia ya mkato ninayoipenda ni kumtafuta fundi anayekata granaiti za meza za jikoni. Yeye ana pedi za almasi za kusaga kwa maji, na kwa soda mbili na maneno mazuri atakufungulia jiwe ulione ndani. Ukija kununua pipa la kuzungusha mawe, lijaze theluthi mbili, maji yasizidi mawe, kila hatua uipe kama wiki moja, na tope lake usilimwage kwenye sinki kwa sababu huganda ndani ya bomba kama saruji.

Nikukazie jambo moja kama ndugu yako: usikate wala kusaga akiki ikiwa kavu. Wapo vijana wanaotumia grainda ya kukatia vyuma, vumbi jeupe linapaa, wamefunga leso puani. Vumbi la silika ni jembamba kupita nyuzi za leso, linakaa kwenye mapafu na kuacha makovu ambayo hayana dawa ya kuyaondoa. Maji yamwagike kila wakati pale msumeno unapogusa, na grainda ya umeme ya kawaida haikutengenezwa kufanya kazi na maji, itakurusha. Kama umeshasaga kikavu kwa muda na una kikohozi kisichoisha au unapumua kwa shida, nenda kwa daktari wa kifua, umwambie waziwazi kwamba ulisaga mawe, kwa sababu asipojua atafuata njia nyingine.

Kuhusu kurudi na pikapu, mimi ningesema hapana. Ardhi ile ina wenyewe. Usiione tupu, ni malisho ya jamii, na mgeni anayepakia mawe usiku usiku atahesabiwa mwizi na atakuwa amejitakia. Ukipata kazi nyingine ya kupita kule, mwone chifu na wazee, mchukue kijana wa pale akutembeze umlipe, uliza hali ya usalama wa barabara siku hiyo hiyo. Geuza mawe kwa fimbo, kwa sababu nge na kifutu wanapenda kivuli kile kile. Ndani ya laga usilale wala usiegeshe gari, hata mbingu ikiwa safi. Mvua ya milimani uliyoiona kwa mbali inaweza kufika kwako kama ukuta wa maji. Na usikaribie Sibiloi na mfuko wa kuokotea: ni hifadhi ya taifa, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997, na miti ya jiwe ya kule haiguswi.

Kwa sasa tenga mawe yako mafungu matatu leo usiku: ya mviringo, vile vyembamba, na ule ubao. Mawili ya mwisho yafunge kwenye karatasi, kila kipande peke yake visigongane, uandike juu ulipoviokota. Kisha nipigie picha vipande vitano vyembamba kwa mwanga wa pembeni, pande zote mbili, uweke sarafu ya shilingi 10 kando nijue ukubwa. Nikiona kinundu nitakwambia, lakini Fort Jesus uende hata kabla sijakujibu.